Saa Mpya ya Fundi Huru: Tuisome Kuanzia Mgongoni
Hotuba kwa mafundi na wapenzi wa saa, Mwanza

Mwangaluka!

Wazee wetu mafundi saa, vijana mnaojifunza kazi hii, na ninyi wapenzi wa saa wa Nyamagana, wa Ilemela, na mliovuka maji kutoka Ukerewe: karibuni, na asanteni kwa kuja wengi hivi.

Mada ya leo ni namna tunavyozipokea saa mpya za mafundi huru. Fundi huru ni yule anayebuni na kuunda saa kwa jina lake, hamilikiwi na kampuni kubwa, na mara nyingi ana watu wachache tu karakana nzima. Mwaka 1985 Svend Andersen na Vincent Calabrese walianzisha chama cha mafundi huru, AHCI, wakati saa za betri zilikuwa zimekwisha kufunga viwanda vingi vya Uswisi. Mwaka 1999 F.P. Journe akatoka na saa zake za kwanza kwa jina lake. Mwaka 2000 Philippe Dufour akatoa Simplicity, saa ya mishale mitatu tu, haina kingine, na hadi leo ndiyo kipimo cha kazi ya mkono. Mwaka 2012 Rexhep Rexhepi, aliyezaliwa Kosovo, akafungua Akrivia mjini Geneva. Mwaka 2023 Simon Brette akaja na Chronomètre Artisans na kuzawadiwa mwaka huohuo. Kwa hiyo kila mwaka tunategemea jina jipya, na kila jina jipya linakuja na picha.

Hapo ndipo penye shida. Picha ikitoka asubuhi, hadi adhuhuri watu wamekwisha kugawanyika. Huyu anasema nzuri mno, yule anasema bei ni ya kutukana watu, mwingine anasema uso umeigwa kwa fulani. Karibu wote wanazungumzia uso. Ninachowaomba leo ni tuanzie upande wa pili, mgongoni, tuiulize saa maswali ambayo fundi ataiuliza siku ikiletwa mezani kwake baada ya miaka kumi. Uso umekwisha kuuona kwenye picha. Mgongoni ndipo ilipo kazi unayolipia, na gharama utakayoendelea kulipa.

Swali la kwanza: mashine ni ya nani?

Mashine ni ule utaratibu wote wa ndani unaoiendesha saa. Mezani hapa kuna mashine ya ETA 6498, ya kiwanda cha ETA cha Uswisi. Ina kipenyo cha milimita 36.6, unene milimita 4.5, vito 17, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano. Ilibuniwa kwa ajili ya saa za mfukoni, ndiyo maana ni pana na sehemu zake ni kubwa. Toleo la kwanza linapiga mara 18,000 kwa saa, toleo la pili 21,600. Mafundi huru wengi wameanzia hapa: wanainunua, wanaondoa madaraja, yaani vile vibati vinavyoshikilia magurudumu kwa juu, wanachonga ya kwao, wanabadilisha mizani, yaani gurudumu linalobembea na kuipa saa mapigo, wanang'arisha kila kitu upya. Wengine wanatumia mashine za otomatiki. Christopher Ward wa Uingereza walipotoa Bel Canto mwaka 2022, saa inayogonga kengele kila saa inapotimia, chini ya ule utaratibu wa kengele kulikuwa na Sellita SW200-1, mashine ya kawaida kabisa ya mapigo 28,800. Jiro Katayama wa Japani, anayetengeneza saa za Otsuka Lotec, ameijenga No. 6 yake juu ya Miyota 9015, kisha akaiongezea utaratibu wake wa mishale inayorudi nyuma.

Wapo wanaoona aibu kwa niaba ya fundi aliyenunua mashine. Mimi sioni aibu hapo, ilimradi amesema wazi. Mashine inayojulikana ina faida ambayo mtu wa Mwanza anapaswa kuipa uzito kuliko mtu wa Geneva: vipuri vyake vinanunulika. Saa ikianguka sakafuni na mhimili wa mizani ukavunjika ncha, kwa 6498 unaagiza mhimili kwa namba yake, unaupachika, kazi imekwisha. Ncha ile ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa mashine ambayo fundi ameibuni mwenyewe na ametengeneza chache tu duniani, mhimili huo anao yeye peke yake. Asipokuwapo, lazima apatikane mtu mwenye kerezo ndogo ya saa, anayejua kukereza chuma kilichokwisha kukazwa na kuking'arisha hadi kipimo hicho. Watu hao hawapo wengi popote duniani.

Kwa hiyo fundi akijisifu kwamba ametengeneza mashine yote mwenyewe, msifuni, anastahili. Kisha muulizeni ametenga vipuri vya miaka mingapi, na kama atampa fundi mwingine michoro na vipimo. George Daniels, yule Mwingereza aliyebuni mfumo wa koaksia, unaoipa mizani msukumo kwa msuguano mdogo, ambao Omega walianza kuuza mwaka 1999, alimfundisha Roger Smith kazi, na Smith bado anatengeneza saa kwa njia ileile kisiwani Man. Hapo kuna mrithi. Karakana nyingine hazina.

Kuna kipimo kimoja ambacho karibu hakuna anayekiulizia saa mpya ikitoka, nacho ni pembe ya kuinua. Vijana, sikilizeni hapa. Kipima mwendo kinasikiliza mlio wa saa, na kutokana na mlio kinakokotoa mizani inabembea nyuzi ngapi. Ili kikokotoe sawa, lazima ukiambie pembe ambayo mizani inageuka wakati inapogusana na paleti, ule uma mdogo unaoachia magurudumu pigo kwa pigo. Kwa Sellita SW200 ni nyuzi 50. Kwa 6498 ni nyuzi 44. Ukiiweka 6498 huku kipima kimebaki kwenye 50, saa yenye bembea halisi ya nyuzi 250 itasomeka karibu 284. Utamwambia mteja saa yako ina afya, kumbe mafuta yamekauka. Mashine ya fundi huru isiyojulikana pembe yake ni kama mgonjwa aliyeletwa bila cheti. Fundi makini anaiandika pamoja na maelezo ya saa.

Na kwa kuwa tumefika hapo, bembea nzuri ni ipi? Saa ikiwa imejazwa ufunguo kamili na imelala kifudifudi au chali, nyuzi 270 hadi 310. Ukiisimamisha wima itashuka nyuzi 20 hadi 40, hilo si kosa, ni msuguano wa ncha unaoongezeka. Baada ya saa 24 bila kujazwa isishuke chini ya 200. Ikivuka 330 au zaidi usifurahi, kwa sababu mizani inazunguka mno hadi kito chake kinagonga uma wa paleti kwa nyuma, na saa inakimbia mbele kwa kasi ya ajabu. Hitilafu ya mapigo, ile tofauti kati ya tiki na taka, ibaki chini ya milisekunde 0.8.

Cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa mashine za saa, nacho kisitutishe wala tusikidharau. Mashine inapimwa siku 15, katika mikao mitano na joto la nyuzi 8, 23 na 38, na wastani wake usichelewe zaidi ya sekunde 4 wala kukimbia zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Mafundi huru wengi hawapeleki saa zao huko, na zinakwenda vizuri tu. Asiyekuwa na cheti akuonyeshe matokeo yake ya mikao yote, ufunguo ukiwa umejaa na baada ya saa 24. Akikupa namba moja tu, bado hajakujibu.

Swali la pili ni kazi ya mkono, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo fedha nyingi zinapokwenda na ndipo tunapodanganyika zaidi.

Chukua lenzi ya kukuza mara kumi, uangalie ukingo wa daraja. Ukingo umechongwa mshazari, kwa kawaida nyuzi 45, kisha umeng'arishwa. Mashine ya kompyuta inaweza kuchonga mshazari huo vizuri na haraka. Isichoweza ni kona ya ndani, pale kingo mbili zinapokutana kwa kuingia ndani kama pembe ya chumba. Kikataji cha mashine ni cha duara, kwa hiyo kinaacha kona iliyoviringika. Kona kali, ambayo mistari miwili ya mwanga inakutana kwenye nukta moja, imechongwa kwa tupa ya mkono, ikasuguliwa kwa karatasi za msasa laini zaidi na zaidi, ikamaliziwa kwa kijiti cha mmea wa gentiani unaoota milima ya Jura, kilichopakwa unga wa almasi. Tupa ikiteleza mara moja, daraja zima linatupwa. Ukiona saa inauzwa kwa bei ya kazi ya mkono na madaraja yake hayana kona ya ndani hata moja, jiulize mbunifu alizikwepa kwa nini.

Cha pili ni chuma cheusi. Sehemu ndogo za chuma, kama kibati kinachofunika kito cha mizani, zinasuguliwa juu ya kibao cha bati safi chenye unga wa almasi hadi uso wake unakuwa tambarare kabisa. Ukiugeuza kwenye mwanga, uso mzima unakuwa mweusi tii, ukiugeuza tena kidogo unawaka mweupe wote kwa pamoja. Ukiona michirizi ya kijivu katikati, huo ni mng'aro wa kawaida. Picha moja haiwezi kukuonyesha jambo hili. Dai video, saa ikigeuzwa polepole chini ya taa moja.

Skrubu za buluu ni rahisi zaidi kuzitambua. Chuma kikipashwa joto hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi kinapata rangi ya buluu chenyewe. Buluu ya moto inabadilika, upande mmoja karibu nyeusi, upande mwingine inang'aa. Buluu ya kupaka au ya kemikali inabaki vilevile kila upande. Angalia pia mfereji wa skrubu: kingo zake zimekatwa mshazari? Una alama ya bisibisi iliyoteleza? Saa mpya yenye mfereji uliokwaruzwa imekwisha kufunguliwa na mkono mzito kabla haijakufikia.

Na picha zenyewe. Nyingi zinazotoka siku ya kwanza zimechorwa kwa kompyuta, saa yenyewe bado haipo. Dalili zake zipo. Hakuna hata chembe ya vumbi, vivuli havina chanzo, na mara nyingi mifereji ya skrubu zote imelala upande mmoja, jambo ambalo skrubu zilizokazwa sawasawa hazilifanyi zenyewe. Kusifu au kulaani umaliziaji wa mkono kwa kutazama mchoro wa kompyuta ni kazi bure. Ngoja picha ya saa halisi.

Swali la tatu linatuhusu sisi wa kando ya ziwa: saa hii itaishi vipi hapa?

Saa nyingi za mafundi huru zimeandikwa mita 30. Mita 30 hizo ni za mvua na kunawa mikono, si za kuogelea. Atakayeogelea atafute ya mita 100, na aipeleke kupimwa kila mwaka. Maji ya Nyanza hayana chumvi, hilo ni la kushukuru, lakini hatari yetu ni kubadilika kwa joto. Mtu amekaa kwenye mtumbwi jua la saa saba mchana, kasha limepata moto, hewa ndani imetanuka. Anatia mkono majini, au pale Mwaloni Kirumba anauingiza kwenye barafu ya sangara. Hewa ndani inasinyaa ghafla, inavuta, na mpira uliochakaa unapitisha maji. Mpira wa mgongo na wa kichwa, yaani kile kitufe cha pembeni cha kutia ufunguo, ubadilishwe kila saa inapofunguliwa kwa matengenezo, upakwe grisi ya silikoni kidogo, iwe ya kung'aa tu. Ukiona ukungu ndani ya kioo, mpelekee fundi siku hiyohiyo. Usiiweke kwenye mchele. Mchele unakaa nje ya mpira wakati maji yako ndani, na vumbi lake linaingia kwenye kichwa. Kutu inaanza kwenye mti wa kichwa, ule mhimili unaoingia ndani ya mashine, na dalili yake ya kwanza ni kusikia kama mchanga unapotia ufunguo.

Sumaku nayo imeongezeka sana: spika, mikoba yenye vifungo vya sumaku, kava za simu. Springi ya nywele, ile nyembamba inayoirudisha mizani, ikishika sumaku, mizunguko yake inagandana, inakuwa fupi kimatendo, na saa inakimbia dakika kadhaa kwa siku. Watu wanaenda kusema fundi huru kawauzia saa mbovu. Leta dira ndogo ya sindano karibu na saa. Sindano ikichezacheza, ni sumaku. Kifaa cha kuitoa si ghali: weka saa juu yake, bonyeza kitufe, ivute saa polepole hadi iwe mbali kama nusu mita, ndipo uachie kitufe. Ukiachia saa ikiwa bado karibu, umeitia sumaku upya. Springi za silikoni, ile ya vifaa vya kompyuta na si ya grisi, hazishiki sumaku, na mafundi huru wengine wanazitumia. Lakini silikoni haipindi, inavunjika, na hakuna fundi atakayeinyoosha kwa kibano. Ni kubadilisha tu, na tumekwisha kuona habari ya vipuri.

Wazee wetu mafundi, neno kwenu hasa. Siku moja saa hizi zitaletwa mezani kwenu, na si lazima mzikatae zote. Kubadilisha mpira na mkanda, kutoa sumaku, kupima mwendo, hayo mnayaweza bila kugusa mashine. Ukifungua mgongo, funika kasha kwa selotepu kwanza. Bisibisi iwe na upana sawa na mfereji, na ncha yake inolewe kwenye jiwe la mafuta, kwa sababu bisibisi nyembamba ndiyo inayochana. Ukitoa mishale, weka kipande cha plastiki laini juu ya uso. Uso wa enameli, uliochomwa kwenye tanuri ya nyuzi 800 hivi, ni kioo kitupu: ukiubonyeza penye miguu yake unapata ufa usiofutika. Na mafuta, tafadhali. Moebius 9010 kwa mizani na magurudumu ya kasi, HP1300 kwa ya polepole yenye mzigo, 9415 kwa vito vya paleti. Ncha za paleti hazitiwi mafuta kabisa. Kwenye kito cha mizani, duara la mafuta liwe kama theluthi mbili ya upana wa kito. Likizidi linatambaa, linaacha ncha kavu. Kama huna mafuta haya, kataa kazi kwa heshima. Ni bora saa irudi ilikotoka kuliko kutiwa mafuta ya cherehani.

Kuhusu ukubwa nitasema kidogo. Watu wanabishania kipenyo, 37 au 41, wakati kinachoamua ni urefu kutoka ncha ya sikio la juu hadi la chini, masikio yakiwa pale mkanda unaposhikwa. Pima sehemu bapa ya mkono wako kwa rula, na masikio yasivuke hapo. Unene ukizidi milimita 12, itakwama kwenye mkono wa shati. Ulizia pia upana wa mkanda: 18 na 20 zinapatikana madukani hapa, 19 utaitafuta sana.

Bei. Mwaka 2020 Simplicity moja ya Dufour iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi 1,300,000, na tangu hapo kila saa mpya inatazamwa kwa jicho la nani ataiuza kesho kwa faida. Jicho hilo linatuharibia mazungumzo. Saa inayonunuliwa ili ifungiwe sandukuni haitajulikana ubora wake, kwa sababu hakuna aliyeivaa, na saa ya ufunguo hujulikana kwa kuvaliwa.

Lakini malipo ya awali lazima niyaguse. Abraham-Louis Breguet aliuza saa kwa mtindo huo tangu karne ya 18, mteja akitanguliza robo ya bei. Journe alianza na saa 20 za namna hiyo. Ni njia ya heshima, inamwezesha fundi asiye na mtaji. Ila fedha ikishatoka hairudi kirahisi, kwa hiyo mkataba utaje mwezi wa kukabidhi, nini kitatokea akichelewa, na nani atarudisha fedha karakana ikifungwa. Na mwenye kuagiza hadi Tanzania akumbuke VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya thamani ya saa pamoja na usafirishaji, bima na ushuru wa forodha. Asishangazwe bandarini au uwanja wa ndege.

Basi mezani kuna mashine tatu zimefunguliwa: 6498, Sellita SW200 na Miyota 9015. Vaeni vifuko vya vidole kabla ya kugusa, jasho la kidole linaacha alama ya kutu kwenye chuma. Lenzi ziko upande wa dirisha, kwenye mwanga mzuri. Anzeni na kona za madaraja, kisha vito. Kipima mwendo kimewashwa na kimewekwa nyuzi 50. Atakayeiweka 6498 aanze kwa kuibadilisha iwe 44.